Mjadala: Je, DNA ya malkia mmoja inatosha kufunga suala la asili ya ukoo wa Ashina?

Wadau wa historia, salaam.

Ashina ndio ukoo ulioongoza himaya ya Waturuki wa kale wa nyika za Mongolia na Asia ya Kati tangu mwaka 552, Bumin alipowashinda Warouran, waliokuwa mabwana zake, na kujitangaza khagan, yaani mfalme mkuu. Tangu mwaka 2023 kila suala la asili yao likizuka, mtu anakuja na jibu moja: DNA imeshasema ni watu wa Kaskazini-Mashariki mwa Asia, mjadala umekwisha. Mimi napinga. Simpingi aliyepima, nampinga anayefunga mlango.

Aliyepimwa ni mtu mmoja: Malkia Ashina, binti wa Muqan Khagan. Mwaka 568 aliolewa na Mfalme Wu wa Zhou ya Kaskazini, akafariki mwaka 582 na kuzikwa kaburi moja na mumewe huko Shaanxi, China. Mifupa yake ilionyesha asilimia 97.7 ya asili yake ni ya Kaskazini-Mashariki mwa Asia. Kipimo hicho nakiheshimu. Anayedai kwamba Ashina wa karne ya 6 walikuwa Wairani watupu ana kazi kubwa sasa.

Ila mwanamke hana kromosomu Y, ile inayopita kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume, na ukoo ule ulihesabiwa kwa baba. Jina hupita kwa wana wa kiume bila kupungua. Damu hugawanyika nusu kila kizazi. Babu mmoja aliyekutangulia kwa vizazi 10 amekuachia wastani wa chini ya asilimia 0.1, ilhali jina lake bado unalo zima. Kwa hiyo mifupa ya malkia inatueleza vizuri walivyokuwa wakati wake. Aliyeanzisha jina alikuwa nani, hilo ni swali jingine.

Kumbukumbu za Wachina zenyewe hazina kauli moja. Moja inasimulia mtoto aliyekatwa miguu na maadui, akalelewa na mbwa mwitu jike, na wana 10 wakazaliwa pangoni. Nyingine haina ngano: inataja familia 500 za Ashina zilizokimbilia kwa Warouran dola ya Liang ya Kaskazini ilipoangushwa mwaka 439, zikaishi kwenye milima ya Altai zikifua chuma. Kuna pia wataalamu wanaolisoma jina Ashina kwa Kisaka, lugha ya jamii ya Kiirani, kuwa ni "samawati".

Kinachonisumbua zaidi ni jiwe la Bugut, Mongolia. Lilisimamishwa miaka ya 580, himaya ikiwa bado yao, juu ya kobe wa jiwe, kumkumbuka mkuu wao aliyefariki. Juu kabisa kuna mchongo uliolika, ambao wengi wanauona ni mbwa mwitu na mtoto. Pande tatu zimeandikwa Kisogdia, lugha ya jamii ya Kiirani ya Asia ya Kati. Upande wa nne una Brahmi, herufi zenye asili ya India, na watafiti walioupiga picha upya na kuusoma wanasema lugha yake ni ya jamii ya Kimongolia. Kituruki hakimo hata upande mmoja! Tunakisubiri hadi mawe ya karne ya 8 ndipo tunakikuta kwa urefu, kama kwenye jiwe la mwana mfalme Kul Tigin, mwaka 732, kikijivunia mababu akina Bumin na Istemi, majina ambayo yenyewe hayaelezeki kirahisi kwa Kituruki.

Najua nitajibiwa kwamba Kisogdia kilikuwa lugha ya biashara na ya makarani. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sikitumii kama ushahidi wa damu. Lakini upande wa Brahmi haukuwa wa wafanyabiashara. Mnaosema suala limefungwa, naomba mnieleze: uliandikwa ili asome nani?