Babu ana wake wawili na ameanza kuuliza habari za Yesu. Nimjibu nini?

Mjukuu wa Maswa:
Wakuu salaam, na walokole wenzangu Bwana asifiwe. Naomba ushauri, hasa wa wenye uzoefu wa vijijini.

Babu yangu mzaa baba yuko Maswa. Hajawahi kufuata dini ya kanisani wala ya msikitini. Ana ng'ombe, analima pamba, na nyuma ya zizi kuna kibanda cha masamva, yaani mizimu ya mababu, ambacho hata sisi wajukuu wa mjini tunajua hakichezewi. Mimi niliokoka nikiwa chuo. Miaka yote hii nikimweleza habari za Yesu anacheka kidogo, kisha anahamia kwenye habari za mvua.

Krismasi hii kaniambia nimsomee "kile kitabu chako". Nikafungua Luka 15, mwana mpotevu. Pale baba anapogawa mali angali hai akanikatisha: "Huyo mzee ana akili kweli?" Tukabishana mpaka taa ikaisha chaji. Asubuhi akaniita zizini, akaniuliza mawili. Wazee wake waliokufa bila kumsikia Yesu wako wapi? Na akibatizwa, kati ya bibi zetu wawili amfukuze yupi? Bibi mkubwa ndiye aliyemzaa baba. Bibi mdogo ndiye anayempikia na kumkanda miguu. Nikamwambia nitauliza, ndiyo nauliza. Kuna mchungaji jirani pale, anataka kuleta timu ya injili na spika nyumbani kwa mzee.

Tarumbeta:
Marko 16:15 haina mjadala, ndugu. Mzee umri umekwenda, aongozwe sala ya toba wiki hii hii, na hicho kibanda kichomwe. Ya wake yatajipanga yenyewe.

Mama Nyanzala:
Tarumbeta, kibanda ni cha nani? Soma Matendo 19:19. Watu wa Efeso walichoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya fedha elfu hamsini, lakini vilikuwa vyao wenyewe. Paulo hakuingia nyumba ya mtu na kiberiti. Mjukuu akichoma kibanda cha babu yake, huo ni utovu wa adabu, na ukoo mzima utasema ndiyo dini yenyewe hiyo. Na "yatajipanga yenyewe" maana yake bibi mmoja atajikuta nje na furushi lake.

Katekista Mstaafu:
Mjukuu, swali la wake limewasumbua wakubwa kuliko sisi. Maaskofu wa Anglikana walipokutana Lambeth mwaka 1888 waliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Ilichukua miaka 100 kulegeza. Mwaka 1988 wakakubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa ahadi kwamba hataoa tena wake zake wakiwa hai, na jumuiya ya Kianglikana ya pale iridhie. Halazimishwi kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hali ngumu itakayompata huyo mke.

Kwetu Wakatoliki ni kanuni ya 1148 ya Sheria za Kanisa. Kwa kawaida anabaki na mke wa kwanza. Ikiwa hilo ni gumu kwake, anaweza kubaki na mwingine kati yao, na askofu anatakiwa kuhakikisha walioachwa wanatunzwa. Nimeona familia ambako sehemu hiyo ya mwisho ilisahaulika, sitaki kuikumbuka. Kwa hiyo uliza kwanza mchungaji wa pale ni wa kanisa gani na wana utaratibu gani, kabla hujampa mzee jibu atakalolishika.

Asiye na Dini:
Mimi siamini haya mambo, napita tu. Ila naona mmekimbilia wake wote, swali la wazee wake mmelikwepa. Na ndilo kubwa.

Mwalimu wa Zamu:
Amesema kweli huyu. Kuna masimulizi ya zamani ya Ulaya kuhusu Radbod, mfalme wa Wafrisia aliyefariki mwaka 719. Inasemekana alikuwa tayari ameingiza mguu kwenye maji ya ubatizo, akauliza wazee wake wako wapi. Alipoambiwa wako motoni akautoa mguu, akasema heri akae na wazee wake. Iwe kweli isiwe, kila Msukuma anamwelewa Radbod.

Mimi ningemsomea Mwanzo 18:25, Ibrahimu akimuuliza Mungu, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Kisha ninyamaze. Mjukuu hajapewa faili za marehemu. Asimwambie wako motoni, na asimwambie wako peponi ili kumfurahisha, maana mzee wa aina hiyo anajua akidanganywa.

Katekista Mstaafu:
Naunga mkono. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 ulifundisha kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuokolewa. Walokole mtabisha, sawa.

Tarumbeta:
Tunabisha 😂 ila spika nimeziondoa kwenye maombi yangu.

Mjukuu wa Maswa:
Asanteni sana. Mchungaji nimempigia, amekubali aje peke yake, bila spika, anywe chai. Mwanzo 18 nitaisoma nikirudi Pasaka.

Mama Nyanzala:
Nina la kuuliza. Humu wote mnawapanga hawa bibi kama viti. Hiyo Luka waliisikia?

Mjukuu wa Maswa:
Bibi mkubwa alikuwa amelala. Bibi mdogo alikuwa anaosha vyombo nje, karibu na dirisha. Na kweli, wakati naondoka aliniuliza ibada Jumapili inaanza saa ngapi, nikajua anauliza kwa ajili yangu.

Mama Nyanzala:
Alikuwa anauliza kwa ajili yake. Mtumie nauli ya bodaboda. Na Biblia ya Kisukuma ipo, kama anajua kusoma mnunulie.