Naomba ushauri: nikubali kazi ya ukocha hapa Kisumu au nirudi kwenye mashindano?

Mkono wa Kushoto

Habari zenu nyote. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika, lakini leo nimekwama.

Nina miaka 24, niko Kisumu, na kazi yangu ni tenisi. Nilianza nikiwa darasa la nne, nikiokota mipira kwenye klabu moja hapa mjini. Mzee mmoja mwanachama alinipa raketi kuukuu iliyokatika nyuzi mbili, na hiyo ndiyo niliyojifunzia.

Miaka mitatu iliyopita nikaingia mashindano ya chini kabisa ya kulipwa, yale ya M15. Kwa asiyeyajua: mfuko mzima wa zawadi ni dola 15,000, na wanagawana wachezaji wote wa wiki ile. Ukitolewa raundi ya kwanza hupati hata dola 200, na pointi, zile zinazopanga nafasi yako duniani, ni sufuri. Ukishinda mechi moja kwenye droo kuu unapata pointi 1. Bingwa anapata 15. Pointi hizo zinakaa wiki 52, kisha zinaondoka, kwa hiyo wiki uliyofanya vizuri mwaka jana inarudi kukudai mwaka huu.

Mwaka wangu mzuri nilikaa Monastir, Tunisia, wiki tisa mfululizo. Huko mashindano yanafuatana, ukishafika hutafuti nauli nyingine. Tulilala watatu chumba kimoja: mimi, Mganda mmoja na kijana wa Benin. Ijumaa moja nikaingia nusu fainali. Usiku ule tulisonga ugali kwa semolina kwenye sufuria ya kuazima, ukagoma kushikana, tukaula hivyo hivyo na mayai. Baadaye jina langu lilifika nafasi ya 870 duniani. Nililitazama kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Halafu mambo yakageuka. Pointi zilianza kuondoka, nikawa nashindania nafasi kwenye mechi za mchujo, nikitolewa Jumatatu na hoteli bado inadai. Miezi mitano iliyopita, nikiwa Misri, nilipiga bekihandi ya mikono miwili, lile pigo la upande usio na mkono wa raketi, kifundo cha mkono wa kushoto kikalia kama njiti ya kiberiti ikivunjika. Gegedu la upande wa kidole kidogo limechanika. Daktari anasema nisubiri kwanza, upasuaji baadaye kama itabidi.

Mama anauza samaki. Jioni anarudi na barafu iliyobaki kwenye kasha, anaifunga kwa kitambaa, ananishikia mkono. Nalala mkono ukinuka mbuta. Chama chake cha akina mama kilimkopesha shilingi 180,000 za safari zangu, na kwa hesabu yangu zimebaki 110,000. Hajaniuliza hata siku moja. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Sasa klabu imenipa kazi ya kufundisha watoto, 28,000 kwa mwezi, na wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Yule Mganda naye ananipigia kila Jumapili: twende Monastir tena. Nifanyeje?

Jirani wa Kondele

Kaka, pole kwa mkono. Chukua kazi. Deni la chama si kama deni la benki. Wale akina mama wanakutana kila wiki, na mama yako anakaa katikati yao akitazamwa. Lipa kwanza, mengine yatafuata.

Bekihandi

Mimi naona tusimzike akiwa hai. Mkumbukeni Juan Martín del Potro. Alichukua US Open, moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi, mwaka 2009, mwaka 2010 akapasuliwa kifundo cha kulia, halafu cha kushoto kikaharibika, akapasuliwa mara tatu kati ya 2014 na 2015. Mwanzoni mwa 2016 alikuwa ameporomoka hadi chini ya nafasi ya 1,000. Mwaka huohuo, Olimpiki ya Rio, alimtoa Djokovic, namba moja wa dunia wakati ule, raundi ya kwanza na akarudi kwao Argentina na medali ya fedha. Na mkono wa kushoto ulikuwa bado haujamwamini: bekihandi nyingi alikuwa anazikata kwa mkono mmoja, mpira unateleza chini. Mwaka 2018 akafika fainali ya US Open tena.

Mkono wa Kushoto, jifunze kukata. Hiyo unaweza kuanza bila kuumiza kile kifundo.

Jirani wa Kondele

Bekihandi, nakuheshimu, lakini Del Potro alivunjika akiwa tayari bingwa, ana pesa na madaktari. Andre Agassi wa Marekani vilevile, alishuka hadi 141 mwaka 1997 akacheza mashindano madogo, na mwaka 1999 akawa namba moja. Hakuna mama aliyekuwa akimlipia nauli kwa samaki. Umaliziaji wa hadithi zao usimpe kijana wetu mzigo.

Mama wa Wawili

Mwanangu, nakuandikia kutoka Nakuru. Binti yangu wa pili anacheza tenisi, nampeleka mazoezini Rift Valley Sports Club kila Jumamosi, kwa hiyo hili nalijua kutoka upande wa mzazi. Umeandika kuwa mama hajakuuliza. Je, wewe umemuuliza? Mimi nimeuza vitu ambavyo mtoto wangu hajui, na ninachokiogopa si kwamba hatashinda. Naogopa ataanza kunikwepa jikoni kwa sababu ya pesa. Kaa naye. Usimletee uamuzi uliokwisha kufanya, mletee hesabu muitazame pamoja.

Kanuni Kwanza

Nilicheza kidogo zamani, sasa nahukumu mechi. Nina mawili.

La kwanza. Kuna utaratibu wa kulindiwa nafasi kwa mchezaji aliyeumia na kukaa nje angalau miezi sita. Ukikubaliwa, unaporudi unaruhusiwa kujiandikisha mashindano kadhaa kwa wastani wa nafasi zako za miezi mitatu ya kwanza ya jeraha badala ya hiyo iliyoporomoka. Unaomba kwa maandishi, na vyeti vya daktari. Wewe uko mwezi wa tano. Ukikurupuka kucheza hata shindano moja sasa, umejifungia mlango mwenyewe. Soma kanuni leo, uone kama nafasi yako inaingia na tarehe ya mwisho ya kuomba ni lini.

La pili ni swali, na usijibu kama hutaki. Kuna mtu amewahi kukutafuta akitaka upoteze seti, yaani sehemu moja ya mechi, kwa pesa? Nauliza kwa sababu wachezaji wa ngazi yako wenye madeni ndio wanaotafutwa.

Mkono wa Kushoto

Nimekaa na hili swali tangu asubuhi.

Ndiyo. Mwezi mmoja kabla ya kuumia, namba nisiyoijua iliniandikia. Dola 2,000 nikipoteza seti ya pili tu, mechi naweza kushinda. Nilikuwa nimebakiwa na dola 140 na tikiti ya kurudi. Sikujibu, nikaizuia ile namba. Lakini nitasema ukweli: nilipiga hesabu. Nilijua dola 2,000 ni shilingi ngapi kabla sijaweka simu chini. Picha ya ule ujumbe bado ninayo. Sijamwambia mtu, hata Mganda wangu.

Kanuni Kwanza

Asante kwa kuniamini, mdogo wangu. Kupiga hesabu si kosa. Kunyamaza ndiko kosa, na wengi hawajui. Kanuni inasema mchezaji akifuatwa lazima aripoti haraka kwa ITIA, lile shirika la kimataifa la uadilifu wa tenisi. Asiporipoti anaweza kuadhibiwa hata kama hakuchukua senti. Wanaouza mechi wamewahi kufungiwa maisha, na aliyefungiwa hata kufundisha kwenye mashindano rasmi hawezi. Kwa hiyo hili linagusa njia zako zote mbili. Kuna njia ya kuripoti kwa siri. Umechelewa, waeleze ulichelewa na kwa nini. Tuma na picha. Fanya kabla ya jambo lolote lingine kwenye uzi huu.

Jirani wa Kondele

Dola 140 mfukoni na ukakataa. Kaka, nilikuwa nakujibu kama mtu anayechezea pesa za mama. Nisamehe.

Mwalimu wa Zoezi

Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, niko Kakamega. Siwezi kumtibu mtu kwenye simu, lakini jipime hivi: unaweza kukamua kitambaa cha maji bila maumivu? Kugeuza ufunguo mgumu? Kujisukuma kutoka kwenye kiti kwa kiganja? Kama lolote kati ya hayo linachoma upande wa kidole kidogo, hakuna bekihandi ya mikono miwili. Barafu inapunguza maumivu, haiponyi gegedu. Mwambie mama asiache, ila uongeze mazoezi ya kukaza mkono chini ya mtu anayekuona.

Kufundisha watoto ni kurusha mipira kutoka kwenye kikapu kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unapumzika na miguu inabaki na kazi. Sioni kwa nini mnaongea kana kwamba kazi na mashindano haviwezi kukaa nyumba moja.

Mama wa Wawili

Mwalimu amenena. Na wanaosema Kenya hakuna njia, Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 mwaka 1995. Angella Okutoyi alichukua Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili, mwaka 2022 na mwenzake Mholanzi Rose Marie Nijkamp, tai-breki ya mwisho, ule mchezo wa kuamua mshindi, ikaisha 11-9. Baadaye akaenda chuo Marekani, akasoma na kucheza, na mwaka 2024 akatuletea dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Binti yangu ameandika hiyo 11-9 kwa kalamu kwenye mfuko wake wa raketi.

Mkono wa Kushoto

Narudi na habari.

Ripoti nimetuma, na picha. Nimejibiwa kwamba imepokelewa. Nilitetemeka nikiiandika, nikatoka nikatembea hadi ziwani na kurudi.

Barua ya kulindiwa nafasi daktari anaandika wiki hii. Kitambaa nimekamua: kinachoma. Kwa hiyo Monastir siyo sasa. Mganda amenuna kidogo, kisha akasema atanitunzia kitanda cha dirishani.

Kazi nimekubali, ila nimeomba mkataba wa miezi sita na wamekubali.

Na mama. Nilimwekea karatasi yangu ya hesabu mezani. Akanawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na daftari la chama lenye jalada la plastiki. Zimebaki 64,000. Alikuwa akilipa kila wiki, na kila safu ameandika jina la mji niliokuwepo wiki ile. Sharm el-Sheikh ya Misri ameiandika kwa tahajia tatu tofauti. Sikuweza kusema kitu, naye akawasha jiko.

Jumatatu naanza na watoto 18. Raketi zipo saba. Mwenye raketi kuukuu ya mtoto, hata iliyokatika nyuzi, aniandikie. Nyuzi nitaweka mwenyewe.