Mjadala: Kitabu cha Mwanzo jumuiyani, kisomwe chote au tuchague vipande?

Mwanzisha mada
Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe kwa ndugu wa makanisa mengine. Jumuiya ndogo ndogo nyingi husoma Injili ya Dominika inayokuja, wiki baada ya wiki. Wapo wanaotaka jumuiya ikae na kitabu kimoja cha Agano la Kale tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, ianze na Mwanzo: sura 50, mistari 1,533. Wengine wanasema hiyo ni kazi ya seminari, si ya sebuleni kwa mtu. Wewe uko upande gani? Na anayesema "isomwe" atueleze namna, maana kusema tu "tusome Biblia" hakuna anayepinga.

Katekista wa Kigango
Milele amina. Mimi napinga.

Kikao cha jumuiya ni saa moja. Toa dakika 10 za kusubiriana, 10 za nyimbo na sala, 15 za michango, wagonjwa na misiba. Zinabaki 25. Sura ya 24 peke yake ina mistari 67. Mkishamaliza kumtafutia Isaka mke, watu wanatafuta viatu. Tena watoto wako pale pale mkekani. Nani atawasomea mwisho wa sura ya 19, Lutu na binti zake? Au sura ya 38, Yuda na Tamari?

Halafu kuna hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyokugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kupanga la kutenda, kusali. Waumini wamezizoea, nazo zinataka kifungu kifupi. Na Mwanzo haijafichwa na mtu, iko kwenye masomo ya Misa. Anayehudhuria anaisikia.

Mwalimu wa Maandiko
Shikamoo Katekista. Kwenye hilo la mwisho ndipo tunapoachana njia. Misa inatupa Mwanzo kwa kijiko. Chukua Dominika ya pili ya Kwaresima, mwaka B (wa pili katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu): Ibrahimu na Isaka, sura ya 22. Husomwa mstari wa 1 na 2, kisha wanarukia wa 9. Mistari ya 3 hadi 8 imeachwa. Humo ndimo mlimo na punda, kuni, siku ya tatu, na lile swali la mtoto: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Mkesha wa Pasaka unayo sura hiyo kwa urefu, 22:1-18, ila ruhusa ya kuifupisha ipo, na ufupisho unakata pale pale. Anayetegemea masikio ya kanisani anapata amri na anapata wokovu, safari yenyewe haipati. Sura ya 34 na ya 38 ndiyo kabisa, hazisomwi Dominika wala siku za juma.

Kuhusu muda, tusijifanye sisi ndio wa kwanza kuhangaika nao. Wayahudi humaliza Mwanzo kwa Sabato 12. Fungu la kwanza ni 1:1 hadi 6:8, la pili 6:9 hadi 11:32, la tatu sura ya 12 hadi 17, la nne 18 hadi 22, na kuendelea hadi la 12 linaloishia 50:26. Fungu la kwanza lina mistari 146, kwa hiyo halisomwi lote kikaoni. Watu walisome au walisikilize kwenye simu nyumbani katikati ya juma. Kikaoni isomwe sura moja tu ya fungu hilo, ile yenye fundo.

Na msizitegemee sana namba za sura. Mgawanyo huo ni wa karne ya 13, wa Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury. Siku ya saba ya uumbaji imejikuta ng'ambo, kwenye 2:1-3, ndiyo maana wengi wakiambiwa "sura ya kwanza" huishia siku ya sita. Kitabu kina vibao vyake chenyewe: "Hivi ndivyo vizazi vya...". Chukua penseli, pigia mstari 2:4, 5:1, 6:9, 10:1, 11:10, 11:27, 25:12, 25:19, 36:1 na 37:2. Hapo utaona kinakokwenda.

Kijana wa Maabara
Wiki ya kwanza yote itaisha kwa siku sita na umri wa dunia. Mimi nipo, nitauliza.

Mwalimu wa Maandiko
Uliza mwanangu, ila uyatazame maandishi kwanza. Nuru siku ya kwanza, jua siku ya nne. Anga na maji siku ya pili, ndege na samaki siku ya tano. Nchi kavu na mimea siku ya tatu, wanyama na watu siku ya sita. Siku tatu za kutenga mahali, siku tatu za kupajaza. Jua na mwezi hata majina hayatajwi, ni "mianga miwili mikubwa" tu, katika ulimwengu ambamo mataifa jirani waliviabudu. Kundi likiona hayo, linajua mwandishi alikuwa anagombana na nani. Mabishano ya umri wa dunia yapewe dakika 10, mwongozaji ashike saa.

Mzee wa Usharika
Bwana asifiwe. Huku kwetu Walutheri nasi tuna jumuiya za nyumba kwa nyumba, kwa hiyo shida hii tunaijua. Naunga mkono kusoma yote, ila kwa hatua saba kama zilivyo, hapana. Si kwamba ni mbaya. Zinafaa zaburi, zinafaa maneno ya Yesu. Simulizi ya Mwanzo ukiichuma neno moja moja, kila mtu anaondoka na jani na hakuna aliyeuona mti. Mtu anashika "nitakubariki" kutoka sura ya 12 na kufumba macho, asione kwamba kabla sura haijaisha Ibrahimu amemwambia mkewe ajiite dada yake, na Sara amechukuliwa nyumbani kwa Farao.

Hatua ya kwanza na ya pili zibaki. Baada ya hapo wekeni kusoma kwa sauti kadhaa: msimulizi mmoja, na kila anayesema apewe mtu wake. Sura ya 18, Ibrahimu akiiombea Sodoma, inanoga sana hivyo: 50, 45, 40, 30, 20, 10, na hapo anaacha. Kwa nini asishuke hadi watano? Swali hilo halizaliwi mtu mmoja akisoma harakaharaka.

Kisha, kabla ya yeyote kusema "mimi limenigusa", dakika 10 za kusema kilichoandikwa tu. Nani anasema? Nani yupo na hasemi? Kipi kinarudi mara mbili? Katika sura ya 34 Dina, binti Yakobo, hatamki neno hata moja, wanaume ndio wanaosema kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika 22:19 Ibrahimu anarudi kwa vijana wake, Isaka hatajwi kurudi naye. Kushirikishana na la kutenda vifuate hapo.

Kinachoharibu vikundi vingi ni haraka ya kutafuta wa kumwiga. "Tuwe kama Yakobo." Yakobo yupi? Aliyevaa ngozi za wana-mbuzi akamdanganya baba asiyeona, 27:16? Kitabu hakimkemei papo hapo. Kinasubiri sura kumi. Katika 37:31 wanawe wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu ya Yusufu katika damu, na Yakobo naye anadanganywa. Mbuzi kwa mbuzi. Msomaji wa vipande hukumu hiyo haioni, ataishia kuuliza kwa nini Mungu alibariki uongo.

Na ndiyo maana sura ya 38, Katekista, hairukwi. Wana wa Yakobo wanamletea baba kanzu, wanamwambia atambue. Sura inayofuata Tamari, mkwewe Yuda aliyefiwa na mume, anamtumia Yuda muhuri na fimbo yake mwenyewe, anamwambia atambue. Kiebrania ni neno lile lile, na mbuzi yupo tena, ndiye ujira ambao Yuda aliahidi. Yuda anakiri kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Ondoa sura hiyo, kisha nieleze: Yuda aliyetoa wazo la kumuuza ndugu yake katika 37:26-27 amekuwaje yule anayejitoa kuwa mtumwa badala ya Benyamini katika 44:33?

Mama Mlezi
Mzee umesema vizuri, ila unasema kama mtu asiyepanga viti. Watoto kwanza. Kipindi cha watoto, Utoto Mtakatifu, kipangwe saa ile ile, nyumba ya jirani, kwa wiki za sura ya 19, 34 na 38. Ni wiki tatu tu, si kitabu kizima.

Pili, sura ya 34 ni ya msichana aliyebakwa. Kwenye mkeka wa watu 20 anaweza kuwemo aliyetendwa hivyo na hajawahi kumwambia mtu. Itangazwe wiki moja kabla, asiyetaka asije na asiulizwe. Siku hiyo swali la "limekugusaje?" lisizungushwe mtu kwa mtu. Na mume wa mtu asianze kuchunguza Dina alifuata nini mjini. Mwongozaji amkate hapo hapo.

Sura ya 38 mnaiona ya aibu, lakini ni sura ya mjane aliyerudishwa kwao na kuambiwa asubiri. Palipo na ugomvi wa kurithi wajane, au wa kuwafukuza shambani mume akishazikwa, wanawake wataielewa kabla ya mwongozaji.

La tafsiri. Awepo wa Union Version na awepo wa Habari Njema, wasome kwa zamu. Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, ina utamu wake, lakini "Adamu akamjua Hawa mkewe" kijana anadhani walitambulishana. Hapo 2:18 ndipo pa kukaa: "msaidizi wa kufanana naye". Kwa Kiswahili cha leo msaidizi ni mdogo wa bosi, na wanaume wengi wameegemea hapo. Kiebrania chake ni neno lile lile la Zaburi 121, "Msaada wangu u katika Bwana". Hakuna aliyewahi kusema Bwana ni mdogo kwetu.

Msomaji wa Historia
Niongeze sura mbili ambazo zikirukwa zinaleta hatari: ya 9 na ya 10. "Laana ya Hamu" watu wanaijua bila kuisoma. Fungua 9:25. Anayelaaniwa na Nuhu ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu halaaniwi, na hapo hakuna neno lolote la rangi ya ngozi. Sura ya 10 mstari wa 6 inawataja wana wa Hamu kuwa wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Laana imemshika mmoja. Wauza watumwa waliinyoosha ikawafunika Waafrika wote.

Kisha ikageuzwa kichwa chini. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu chanzo cha Nile, alidai watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka Uhabeshi (Ethiopia) na walikuwa bora kuliko waliowatawala. Nadharia ya "Wahamiti", yaani uzao wa Hamu, ikakua, wakoloni wakaitumia Rwanda na Burundi kupanga nani atawale. Miaka ya 1990 waenezaji wa chuki Rwanda wakaidaka kwa upande wa pili: Watutsi ni wageni, warudi Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Jumuiya yenye watu wa nchi hizo isipoisoma 9:18-27 polepole, kila mmoja atabaki na laana aliyoisikia vijiweni.

Jirani wa Msikitini
Assalaam alaykum. Nimeingia bila hodi, mniwie radhi. Mkifika kwa Yusufu, ualikeni upande wetu. Sura Yusuf, ya 12 katika Qur'ani, ina aya 111 na inakisimulia kisa hicho moja kwa moja. Ushahidi wa nguo unatofautiana: kwenu nguo inabaki mkononi mwa mwanamke aliyemtaka Yusufu, 39:12, kwetu kanzu imechanwa nyuma, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba hana hatia. Wekeni visomo viwili pamoja, kila mtu asome chake, pasiwe na wa kumsahihisha mwenzake.

Pagumu ni sura ya 22. Ninyi mmetajiwa Isaka. Qur'ani, katika sura ya 37, haimtaji jina mwana wa kuchinjwa, na Waislamu walio wengi wanashika kwamba ni Ismaili. Ubishi huo haujaisha kwa karne nyingi, hamtaumaliza Alhamisi jioni. Na kitabu hiki hakikuingia Kiswahili bila sisi: mmisionari Krapf alipoanza kuitafsiri Mwanzo Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Modehin.

Katekista wa Kigango
Waalaykum salaam, jirani, karibu. Mzee, kwa mbuzi zako umenipunguza nguvu kidogo. Bado siondoi Injili jumuiyani kwa miezi mitatu mfululizo. Ninachoweza kukubali ni sura ya 37 hadi 50 kwa majaribio, wiki moja Injili, wiki moja Yusufu, sura mbili mbili. Wiki saba za Mwanzo. Hatua saba zibaki kwenye wiki za Injili, hizo nyingine mfanye kama Mzee alivyosema. Sura ya 38 watoto waende kwa Mama Mlezi.

Ila wa kusoma chote mnijibu hili: sura ya 36, mistari 43 ya majina ya uzao wa Esau. Mtafanya nini nayo na dakika 25?

Mwalimu wa Maandiko
Asome mtu mmoja aliyefanya mazoezi nyumbani, maana akikwama kwenye jina la Oholibama mara tatu kila mtu atacheka. Inachukua kama dakika sita. Wengine wapewe kazi mbili za kutega sikio: ni nani anazaliwa katika mstari wa 12, na mstari wa 31 unasema Edomu, yaani uzao wa Esau, walipata wafalme lini. Wakishasikia "Amaleki", wafungue Kutoka 17:8, waone ni nani aliyekuja kupigana na Israeli.