Jina la Washington kwa Wamarekani Weusi: libaki au liachwe?

Mleta mada: Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilionyesha kuwa kati ya kila watu kumi wenye jina la ukoo Washington, tisa ni Weusi. Asili yake ni kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Nasema liachwe, ni chapa ya bwana juu ya mtumwa. Malcolm X, mwanaharakati wa haki za Weusi, alilitupa jina lake la ukoo, Little, na mwaka 1964 Cassius Clay akawa Muhammad Ali. Wadau mnasemaje?

Mchangiaji 1: Hapo kwenye "chapa ya bwana" ndipo ninapokataa. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Wamarekani Weusi, alizaliwa mtumwa kwenye shamba la akina Burroughs, Virginia. Siku mwalimu anaita majina, mtoto aliyekuwa Booker tu alijitajia Washington, ambalo lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Burroughs hakuhusika. Hata jina Cassius Clay, yule wa awali aliyelibeba huko Kentucky alikuwa Mzungu aliyepinga utumwa.

Mchangiaji 2: Na wanaodhani wote wametoka Mount Vernon, shamba la rais wa kwanza George Washington, wapige hesabu. Mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317. Wosia wake uliagiza 123 tu waachwe huru. Wengine 153 walikuwa wa mirathi ya Custis, mume wa kwanza wa mkewe, hivyo hakuwa na mamlaka ya kuwaacha huru.

Mleta mada: Sawa kwa Booker. Mtu wa kawaida atajuaje jina lake lilitoka wapi?

Mchangiaji 3: Aanze na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Anakili kaya nzima ya mababu zake, pamoja na kaya kumi za juu na kumi za chini, maana ndugu mara nyingi walikaa jirani wakiwa na majina tofauti. Kisha arudi kwenye orodha za watumwa za 1860. Humo karibu hakuna majina: chini ya jina la mmiliki utakuta mstari kama "34, mwanamume, mweusi", basi. Kwa hiyo atoe miaka kumi kwenye umri wa 1870, lakini aache nafasi ya miaka mitano huku na huku, kwa kuwa umri ulikadiriwa.

Wengi wanakwama kwa kumtafuta bwana aitwaye Washington peke yake. Sisi tuliozoea jina la babu kubadilika kila kizazi tungepaswa kuliona kosa hilo haraka! Wakaguliwe wamiliki wote wa kaunti ile, halafu wosia na orodha za mirathi zao, ambako mtumwa huandikwa kwa jina na bei. Daftari za benki ya walioachwa huru, 1865 hadi 1874, nazo mara nyingi zinataja wazazi na ndugu, na baadhi zinamtaja bwana wa zamani.

Mleta mada: Nakubali, ushahidi utangulie. Ila aliyekuta jina hilohilo ni la bwana, na la bibi yake limeandikwa kwenye mirathi pamoja na bei, huyo bado simshauri alibebe.