Simiti imezidi mifuko mitatu kwenye mzigo wa Mokowe: ni ya nani?

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Simiti iliyolipiwa dukani ni mifuko 20, kwa tili ya M-Pesa. Chombo kimetoka Mokowe, gati ya bara, kimeshusha gatini Lamu asubuhi, punda wameifikisha Langoni, kuhesabu ni 23. Risiti yasema 20. Fundi ataka kuchanganya kesho na asema hiyo ni riziki. Mitatu hii ni ya nani? Na ikirudi, gharama ya punda na mashua ni juu ya nani?

Karani wa Gati
Waaleikum salaam. Kabla ya kupiga simu, tafuta kosa limetokea wapi. Likiwa limetokea stoo, duka limetoa 23 na mali ni ya duka. Likiwa limetokea Mokowe, duka limetoa 20 sawasawa, na mitatu hiyo imetoka kwenye fungu la mteja mwengine mliyepakia chombo kimoja. Huyo sasa kwake pamepungua. Mizigo ya watu watatu wanne hupangwa ubavu kwa ubavu, hamali huhesabu kwa safu badala ya mfuko mmoja mmoja, na safu ikiporomoka chombo kikiwa baharini, mpaka wa fungu na fungu hupotea.

Mifuko yenyewe itakwambia. Soma daraja la nguvu ya simiti, 32.5 au 42.5, kisha tarehe ya kufungashwa. Ikiwa 20 ni 32.5 na mitatu ni 42.5, hapo kuna mtu anayengojea kumwaga zege la nguzo. Halafu tazama stakabadhi ya kupokea mzigo iliyotiwa saini gatini. Risiti yahesabu pesa, stakabadhi yahesabu mzigo. Watu wengi hutazama risiti peke yake.

Mwandikie mwenye duka leo leo, pamoja na picha: "Ankara nambari fulani. Nimelipia 20, nimepokea 23. Mitatu ya daraja fulani iko kwangu, haijafunguliwa. Mtaichukua, au niilipie?" Usimwachie ujumbe kijana wa mzigo. Upungufu wa stoo ukionekana, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa, na maandishi yako kwa tajiri wake ndiyo yatakayomtoa lawamani.

Wakili wa Pwani
Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imelisema hili waziwazi. Muuzaji akileta zaidi ya mapatano, mnunuzi aweza kupokea kiasi alichoagiza na kukataa ziada, au kukataa mzigo wote, au kupokea wote na kulipia ziada kwa bei ile ile ya mapatano. Hata kama bei imepanda tangu juzi, mitatu hiyo hawawezi kukutoza zaidi.

Ukikataa, si wajibu wako kuirudisha. Kumwarifu muuzaji kwatosha. Kwa hiyo punda na mashua ni juu ya duka. Lakini kujua imezidi, ukanyamaza na kuichanganya, ni jambo jengine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 268, huhesabu kuigeuza mali ya mtu kwa hila kuwa ni wizi, hata kama hukuichukua kwa mkono wako.

Ukiamua kuilipia, lipa kwa tili ya duka na udai risiti, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu. Na alivyosema Karani ni muhimu: ikiwa mali ni ya mteja mwengine, duka halina haki ya kukuuzia.

Ustadhi Mkomani
Riziki haiwi kwa kosa la hesabu. Mafakihi wa Kishafii wana mfano wa nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia uani kwa mtu. Hakuiomba, wala hakukabidhiwa, lakini sasa ni amana mkononi mwake, na yampasa amjulishe mwenyewe upesi. Akichelewa bila udhuru, dhamana yamwangukia: ikiharibika atailipa. Tena hii si lukata, yaani mali iliyookotwa, ya kutangazwa mwaka mzima, maana mwenyewe ajulikana au aweza kuulizwa.

Mwana wa Langoni
Shukrani. Mitatu ni 42.5, yangu ni 32.5. Duka limejibu: ni ya mteja wa Shela, wataichukua wiki ijayo kusi ikitulia. Niiweke wapi?

Fundi Boriti
Usiiweke dakani, pale barazani mlangoni, mvua ya upepo hufika. Weka chumba cha ndani: laza boriti mbili au mbao, sakafu iachwe sentimita 15 chini, na ukuta sentimita 30. Kuta zetu za matumbawe hufyonza unyevu, na mfuko ukiugusa ukuta simiti huanza kushikana kutoka upande huo. Ilaze mmoja juu ya mwengine, funika kwa turubai au nailoni nzito mpaka chini, iwe mbali na 20 yako, na uitie alama ya chaki. Mwambie fundi wako kwa mdomo pia. Kibarua wa asubuhi hasomi alama.

Siku ya kuchukuliwa, bonyeza pembe mbele ya mchukuaji. Bonge likivunjika kwa vidole, simiti bado nzima. Lisilovunjika, piga picha na mkubaliane hapo hapo kabla haijapakiwa punda, kisha aandike "nimepokea mifuko 3 ya 42.5" na kutia saini.