Lenzi ya milimita 50: f/1.8 inatosha, au nijibane ninunue f/1.4?

Mpiga picha wa Majengo, Moshi
Habari za jioni, wakuu. Ninapiga picha za kipaimara na ubatizo kwa Canon 700D, nikitumia lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ambayo jioni ukumbini huelemewa kabisa na giza. Nimefikiria 50mm f/1.8 STM, ambayo ni ya bei nafuu, na 50mm f/1.4 USM, ambayo bei yake imechangamka (STM na USM ni aina za mota ya kulenga). Je, tofauti hiyo ya bei huonekana kwenye picha?

Mzee wa Studio, Arusha
Mkuu, anza na hesabu ya mwanga: namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Ile ya f/1.4 hupitisha mwanga takriban mara 1.6 ya mwenzake, yaani palipohitaji ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200 utatumia ISO 2000 hivi, nafuu ambayo mteja hataitambua. Tena, ukiwapiga mtoto wa kipaimara na msimamizi wake kutoka mita 2 kwa f/1.4, eneo linalotoka kwa ukali halizidi sentimita 9 hivi, kwa hiyo mmoja akisimama nyuma kidogo uso wake unafifia, nawe utalazimika kurudi f/2.8 au f/4, ambako picha za lenzi hizi hukaribiana sana. Chukua STM, na fedha itakayobaki ununue flashi ya kuelekeza darini. (Wanaoichukia flashi wengi wao huimulika usoni kwa mtu.)

Mkazi wa Sakina
Ninaunga mkono, na ninaongeza kwamba bei kubwa hapa si dhamana ya uimara. Ile f/1.4 ni ya mwaka 1993, na ikigongwa mbele wakati shingo yake imetoka nje, mfumo wake wa kulenga huweza kukwama. Ya mtumba usiilipie kabla ya kuijaribu kwenye kamera yako.

Mama Picha, Moshi
Ndugu zangu, mmeshindania bei mkaacha umbali. Kwenye 700D, milimita 50 huona eneo dogo kama la milimita 80 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa zaidi), na katika sebule iliyojaa shangazi na wajomba utarudi nyuma hadi mgongo ugote ukutani. Kabla ya kununua yoyote, iweke 18-55 yako kwenye 50 na upige nayo sherehe nzima bila kuigusa zumu. Ukibanwa, itazame EF-S 24mm f/2.8 STM, inayoona eneo pana zaidi, ingawa mwanga wake ni mdogo kuliko wa hizo mbili na flashi utaihitaji zaidi.