Tupeane uzoefu: radi na umeme wa ghafla vimekuunguzia nini hapa Tanga, na sasa unajikingaje?

Mpwa wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Masika ndiyo hayo yanabisha hodi, na kila masika wimbo ni ule ule: "radi imeniunguzia TV". Ukimbana mtu akueleze vizuri ilikuwaje, mara unasikia siku yenyewe hata wingu halikuwepo. Radi tunaisingizia mengi jamani.

Kwa hiyo tuambiane yaliyotukuta wenyewe. Kiliungua nini, umeme uliingilia wapi, na ulifanya nini baadaye. Hadithi za "shemeji yake jirani alisikia" tuziweke kando. Wenye ufundi pia mtusaidie, ila kwa lugha ya watu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani
Mimi nauza barafu za ubuyu na juisi hapa barabara za namba, friza ndiyo mume wangu. Siku hiyo ilikuwa jioni, kavu kabisa, hata upepo hamna. Nikaona taa ya sebuleni inazidi kuwa nyeupe, feni inavuma kasi ambayo sijawahi kuisikia, halafu harufu ya plastiki. Nikakimbilia meinswichi nikazima. Cha ajabu, dada wa nyumba ya pili yeye taa zake zilififia mpaka nyuzi za ndani zikabaki nyekundu tu. Kwangu umeme umezidi, kwake umepungua, mtaa mmoja!

Friza ilikwenda, na ruta ya mwanangu. Waliokuja kutengeneza walikuta waya umelika pale unapoungwa kwenye nguzo. Wakasema ni nyutro. Baada ya hapo nimeweka fridi gadi, umeme ukicheza inakata yenyewe, na ukirudi inasubiri kidogo ndiyo inaruhusu.

Fundi wa Makorora
Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Njia zetu zina fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, kila nyumba inapewa moja, na nyutro ndiyo inayozishika zote zikae kwenye volti 230. Ikikatika, nyumba zinaanza kugawana umeme wa fezi mbili, ambao ni volti 400. Mwenye matumizi madogo saa hiyo ndiye anayepandishiwa, mwenye matumizi makubwa anashushiwa. Ndiyo maana wewe uliunguliwa na jirani akabaki gizani. Na chumvi ya bahari hapa Tanga inakula viungio vya waya kuliko kule bara.

Ukiona dalili hiyo usisubiri kuelewa. Zima meinswichi kwanza.

Kijana wa Muheza
Yangu ilikuwa radi kweli. Ilipiga mnazi nyuma ya nyumba (mnazi wenyewe ulisimama wiki kadhaa, makuti yakakauka, kichwa kikadondoka). TV nilikuwa nimechomoa plagi ukutani tangu mvua inakuja. Ikafa hivyo hivyo. King'amuzi nacho kikafa, tundu la HDMI limeungua mpaka jeusi.

Waya wa dishi sikuuchomoa, wala sikujua kama unahusika. Umeme ulishuka na huo.

Mjukuu wa Pangani
Bibi yangu wingu likitanda anafunika vioo vyote kwa kanga na hataki mtu avae nyekundu. Na radi ikipiga karibu lazima aulize nani kaituma 😂

Fundi wa Makorora
Mwache bibi afunike vioo vyake, havimdhuru mtu. Ila mwambie achomoe na dishi.

Kijana wa Muheza, pole sana. Na wengine mjue kwamba radi hailazimiki kupiga nyumba yako. Ikipiga mnazi au nguzo ya mbali kiasi, waya zote ndefu zilizo karibu zinapata msukumo wake: wa umeme, wa simu, wa dishi, hata kebo ya kompyuta iliyotoka jengo moja kwenda lingine. Radi ya kawaida inabeba ampea kama 30,000. Kipande kidogo tu cha hiyo kinatosha kuua bodi ya TV.

Mama Kompyuta
Hilo la kebo nathibitisha. Ofisi tuliyokuwa nayo ilikuwa na majengo mawili na kebo ya mtandao imepita juu kwa juu. Mvua moja ya vuli, swichi za pande zote mbili zilikufa, na kompyuta zilizochomekwa upande mmoja zikafuata. Vilivyokuwa kwenye umeme tu havikuguswa. Tukabadilisha, katikati ya majengo tukapitisha faiba, ile ni kioo, haipitishi umeme.

Mpwa wa Chumbageni
Fundi, swali la wengi: nina stabilaiza na fridi gadi, je, si inatosha kwa radi?

Fundi wa Makorora
Haitoshi. Hizo zinasaidia umeme unapopanda au kushuka taratibu. Ndani yake kuna rilei, swichi inayojikata yenyewe, inayohitaji muda kukata, na muda huo radi imeshapita kitambo, kazi yake inaisha ndani ya sehemu ndogo mno za sekunde. Cha radi ni saji protekta inayofungwa kwenye boksi la breka. Ndani ina kitu kinachoitwa varista: volti zikiwa za kawaida imelala, zikiruka inafungua njia na kuzipeleka ardhini.

Sasa ardhini wapi? Hapa ndipo wengi wanapigwa. Nimeenda nyumba moja Raskazone, protekta nzuri, ya bei, imefungwa. Nikafukua nondo ya ethi, ile inayozikwa kupeleka umeme ardhini. Klampu imekuwa kijani tupu, ukiigusa inamong'onyoka, na waya umeshaachana nayo. Protekta ile ilikuwa pambo.

Na msidanganywe na kipimo cha taa. Fundi anaunga taa ya wati 100 kati ya fezi na ethi, ikiwaka anasema "ethi iko poa". Kwanza ni hatari, hiyo nondo na vyote vilivyoungwa nayo vinaweza kumpiga mtu. Pili taa hiyo ina kama omu 530 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani umeme unavyozuiwa kupita), hata ethi yako ikiwa na omu 50 itawaka vizuri tu. Lakini radi ikishusha ampea 1,000 kwenye omu 50, pale pana volti 50,000. Mwambie aje na mashine ya kupimia ethi, ile yenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini. Kwa kazi ya radi tunataka chini ya omu 10.

Jingine, waya za protekta ziwe fupi na zinyooke, jumla isizidi nusu mita. Kila mita ya waya inaongeza kama volti 1,000 kwa vyombo vyako wakati wa radi. Nimeona watu wamezungusha waya ndani ya boksi ili upendeze.

Mvuvi wa Deep Sea
Ekstensheni zilizoandikwa "saji" zinazouzwa barabarani vipi? Niliifungua moja, ndani hamna kitu zaidi ya taa nyekundu.

Fundi wa Makorora
Umejijibu, kaka.

Mjukuu wa Pangani
Sisi Pangani tuna sola, umeme wa nguzo hatuna. Tuko salama?

Fundi wa Makorora
Hapana. Paneli ziko juu ya bati na waya zake ni ndefu. Protekta inahitajika, lakini ya DC, yaani umeme wa sola unaokwenda upande mmoja, usifunge ile ya umeme wa nguzo. Fremu za paneli nazo ziungwe kwenye ethi.

Bi Mkubwa wa Ngamiani
Fundi, mwanangu kaniwekea hiyo protekta mwezi uliopita. Ina kidirisha cha kijani, leo naona kimekuwa chekundu, lakini umeme unawaka kama kawaida.

Fundi wa Makorora
Imeshakufa, Bi Mkubwa. Umeme utawaka lakini kinga huna. Nyingi unachomoa kile kipande cha juu tu unaweka kingine, ila aje fundi, meinswichi izimwe. Kabla hajaweka kipya mwambie apime ethi. Kufa mapema hivyo, huenda ni nyutro tena inayopandisha volti.